Kijana asiye na kwao akitimiza miaka 18

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mijini yupo kijana mmoja ambaye baba humlalamikia kila mwisho wa mwezi. Amekwisha maliza shule, umri wake umepita miaka 18, kazi hajapata, na usiku hulala ukumbini. Baba hunung'unika kwamba mtu mzima hafai kulishwa. Hata hivyo, kijana huyo akichelewa kurudi, mama humfunikia chakula chake; na baba, ingawa hujifanya amelala, hatulii mpaka asikie komeo la mlango.

Jumapili hii nataka tumfikirie kijana asiye na wa kumfunikia chakula. Je, naye akitimiza miaka 18 amekuwa mtu mzima wa kujitegemea? Yuko mtaalamu mmoja wa ustawi wa jamii nchini Marekani ambaye swali hilo amelifanya kuwa kazi ya maisha yake. Jina lake ni Mark Courtney.

Bwana Courtney hakuanzia vitabuni. Kabla ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu alifanya kazi katika nyumba za kulelea vijana, mahali ambapo mlezi huona kwa macho yake kijana akifungasha vitu vyake na kuondoka. Baadaye alisomea ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hadi shahada ya udaktari, kisha akafundisha katika vyuo vikuu vya Wisconsin, Chicago na Washington.

SERIKALI KAMA MZAZI

Ili kuielewa kazi yake, hatuna budi kwanza kufahamu utaratibu wa nchi hiyo. Huko, mtoto anayeteswa au kutelekezwa nyumbani kwao anaweza kuondolewa kwa amri ya mahakama na kuwekwa chini ya ulinzi wa serikali ya jimbo. Hupelekwa kwa jamaa zake, au kwa familia ya walezi wanaolipwa posho, au katika nyumba ya kulelea. Hapo serikali ndiyo inayoshika nafasi ya mzazi.

Lakini kwa miaka mingi, katika majimbo mengi, mzazi huyo alikuwa akimaliza kazi yake siku mtoto alipotimiza miaka 18, au alipomaliza masomo ya sekondari muda mfupi baadaye. Faili lilifungwa, posho ikakoma, na kijana akatakiwa kutafuta pa kwenda.

Mwaka 1995, akiwa Wisconsin, Bwana Courtney na wenzake waliwahoji vijana 141 waliokuwa karibu kutoka katika malezi hayo. Waliwatafuta tena baada ya kutoka, kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Walikuta kwamba zaidi ya theluthi walikuwa hawajamaliza sekondari, na kwamba asilimia 12 walikuwa wamewahi kukosa mahali pa kulala. Hayo yote katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu.

Mwaka 1999 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoongeza fedha za kuwasaidia vijana hao, kutoka dola milioni 70 hadi milioni 140 kwa mwaka. Hata hivyo, swali kubwa lilibaki pale pale: ingekuwaje kama mlango usingefungwa kabisa katika umri wa miaka 18?

KUWAFUATA WALE WALE

Jibu lilihitaji subira. Kuanzia mwaka 2002, Bwana Courtney na wenzake waliwahoji vijana 732 wa majimbo matatu jirani: Illinois, Wisconsin na Iowa. Wote walikuwa na umri wa miaka 17 au 18, na walikuwa wameingia katika malezi ya serikali kabla ya kutimiza miaka 16. Kisha vijana wale wale walitafutwa tena walipokuwa na miaka 19, 21, 23 au 24, na mwisho 26. Katika duru hiyo ya mwisho, mwaka 2010 na 2011, walipatikana 596. Yeyote aliyewahi kumtafuta ndugu aliyehama mji bila kuacha anwani atatambua ugumu wa kazi hiyo.

Kuchagua majimbo hayo matatu kulikuwa na faida yake. Illinois iliwaruhusu vijana kubaki katika malezi hadi miaka 21, ilhali majirani zake wawili kwa kawaida waliwatoa mapema zaidi. Hivyo watafiti waliweza kulinganisha. Iligundulika kwamba waliobaki muda mrefu zaidi walielekea kuendelea na masomo ya juu kuliko wenzao waliotolewa mapema.

Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa hoja zilizotumiwa na waliotaka sheria ibadilishwe. Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria iliyowezesha majimbo kupata fedha za serikali kuu ili kuwalea vijana hadi miaka 21, mradi kijana awe anasoma, anafanya kazi walau saa 80 kwa mwezi, yumo katika mpango wa kumwandaa kwa kazi, au afya yake haimruhusu kufanya hayo. California ilifuata kwa sheria yake ya mwaka 2010, na Bwana Courtney akaenda kupima tena. Mwaka 2013 watafiti wake waliwahoji vijana 727 wa jimbo hilo, nao pia wakafuatwa kwa miaka kadhaa.

UKWELI USIOPENDEZA

Jambo linalonifanya nimheshimu mtafiti huyu ni kwamba yeye na wenzake hawakuficha habari zisizopendeza. Uchambuzi wao ulionyesha kwamba kubaki katika malezi hadi miaka 21 kulielekea kuchelewesha tatizo la kukosa makazi, wala si kuliondoa. Walikadiria kwamba kati ya asilimia 31 na 46 ya vijana wa majimbo yale matatu walikuwa wamewahi kukosa makazi kabla ya kufikia miaka 26. Na katika umri huo ni takriban 8 tu kati ya kila 100 waliokuwa na cheti au shahada ya chuo.

Lipo na jingine. Walio wengi walisema kwamba wapo ndugu wa damu walio karibu nao moyoni, ijapokuwa mahakama ilikuwa imewatenga na nyumba zao. Damu nzito kuliko maji! Faili la ofisi hufungwa, lakini kijana huendelea kutafuta kwao.

NA SISI JE?

Hapa kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mpaka huo ni wa lazima kwa sheria, lakini haufai kuwa kipimo cha malezi. Katika mitaa yetu wapo vijana waliochukuliwa kwa shangazi au mjomba baada ya wazazi kufariki, na wasichana wa kazi walioletwa mjini wakiwa wadogo. Mara nyingi siku mwenye nyumba anapochoka, kijana huambiwa tu kwamba sasa amekua.

Kabla ya kumwambia hivyo, yafaa tujiulize mambo matatu. Usiku wa leo atalala wapi? Akiugua, nani atampeleka hospitali? Na akikwama bila nauli, yuko mtu gani anayeweza kumwendea bila aibu? Kama hatuna majibu, basi kijana huyo bado anatuhitaji, hata kama ndevu zimeota.

Aidha, vijana wetu wanaopenda kazi ya utafiti wasidhani kwamba ustawi wa jamii ni fani ya huruma peke yake. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, inayofundisha kazi hiyo. Huruma humpa kijana chakula cha leo. Lakini mtu anayerudi baada ya mwaka mmoja, miwili na minane kumuuliza kijana yule yule, "Umeishije tangu tulipoonana?" ndiye anayeweza kuwaeleza watunga sheria lililo kweli.

Tukutane Jumapili ijayo.