Kumbe Mboga Ndiyo Chakula

Jioni mtaani kwetu kila nyumba inauliza swali moja: "Leo mboga nini?" Hakuna anayeuliza chakula ni kipi, kwa kuwa chakula kinajulikana. Ni ugali, na siku mfuko ukiwa mzuri ni wali. Vingine vyote vimetiwa kapu moja. Nyama ya ng'ombe ni mboga, dagaa ni mboga, mayai ni mboga, maharage ni mboga, matembele ni mboga. Kwa neno hilo moja tumeshaamua, hata moto haujawashwa, nani mwenye sahani na nani amekuja kumsindikiza: kipi kijazwe hadi kifanye mlima, na kipi kiguswe tu ili tonge literemke.

Imani ninayoipinga ni hiyo, kwamba mtu asiyekula ugali au wali hajala. Naipinga kwa sababu nimeiona ikiwaumiza watu wangu, na kwa sababu sisi wazazi tunaorudi nyumbani giza limeingia tumeifanya iwe ndiyo ratiba ya jiko.

Nina watoto wawili. Kazini natoka saa kumi na moja, na foleni ikiwa na huruma naingia nyumbani Mbagala saa moja na nusu usiku. Kwa miaka mingi kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kuvua viatu, kilikuwa kubandika maji ya ugali. Nilichekecha unga, nikakoroga uji, nikasubiri uchemke, nikasonga, nikafunika. Ugali ulipokuwa tayari mimi nilikuwa nimekwisha, na mdogo alikuwa ameshaanza kusinzia kwenye mkeka. Hapo ndipo nilipoikumbuka mboga. Ikawa maharage ya jana yaliyoongezwa maji, au kabichi iliyopitishwa motoni na kitunguu kimoja. Watoto walimega, walichovya, walilala. Nikajiambia wameshiba. Leo najua walikuwa wamejaa tu.

Kilichonizindua ni ugonjwa wa mama yangu. Alipoambiwa ana sukari, jamaa na majirani walikuja na ushauri mmoja: aache sembe, ale dona. Akaacha sembe, akala dona kwa imani yote, kipimo kilekile cha tonge, asubuhi uji wa dona, usiku ugali wa dona. Sukari haikushuka. Alilia, akidhani mwili wake una laana, maana alikuwa ametii kila alichoambiwa.

Hakuna aliyemweleza jambo dogo na la wazi. Katika kila gramu 100 za unga mkavu wa mahindi, zaidi ya gramu 70 ni wanga, uwe sembe au uwe dona. Dona lina pumba na kiini, kwa hiyo lina nyuzinyuzi, mafuta mazuri na vitamini ambavyo sembe imevipoteza kinuni. Ni unga bora, na mimi mwenyewe nautumia. Lakini wanga wake ni wanga, na wanga ukifika tumboni unavunjwa kuwa glukosi, sukari ileile inayopimwa kwa tone la damu la kidoleni. Mtu anayekula ugali wa gramu 200 za unga kwa mlo mmoja amekula wanga zaidi ya gramu 140. Ubadilishe rangi ya ugali huo utakavyo, uite wa mtama, wa muhogo, wa ulezi. Mlima ukibaki mlima, damu itaujua.

Mama alianza kupata nafuu pale sahani yake ilipogeuzwa: tonge dogo la ukubwa wa ngumi yake, na sahani iliyobaki mchicha, bamia, samaki. Tulifanya hivyo pamoja na daktari wake, na hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu anayetumia dawa za kushusha sukari au insulini akipunguza wanga ghafla bila dozi kuangaliwa upya, sukari inaweza kushuka hadi akazirai.

Wapo watakaosema hayo ni ya wagonjwa na watu wazima, watoto wanahitaji ugali wapate nguvu. Basi twende nyanda za juu kusini, kwenye ghala la mahindi la nchi hii. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilikuwa ya kwanza nchini, zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa zilifuata, karibu nusu. Hii ni mikoa inayolisha wengine. Njombe hiyohiyo inapeleka maparachichi ng'ambo. Udumavu una sababu nyingi, maji machafu, magonjwa, mama kukosa muda wa kunyonyesha kwa sababu ya shamba, na sitaki kuzificha nyuma ya sufuria. Lakini namba hizo zinavunja kabisa dai la kwamba penye mahindi ya kutosha mtoto yuko salama.

Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilitangulizia uji mwepesi na tonge kubwa, nafasi imekwisha. Na protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, asidi amino mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima ziingie kwa chakula. Ziko kwenye mayai, maziwa, samaki na jamii ya kunde. Yaani ziko kwenye kile tulichokiita mboga na kukipa vijiko viwili pembeni.

Tena husemwa kwamba mababu walikula ugali na walikuwa na nguvu. Mababu wapi? Mahindi asili yake ni Mexico. Yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita huku, na bara yametawala sahani kwa nguvu katika karne iliyopita tu. Kabla yake palikuwa na mtama, uwele, ulezi, ndizi, viazi vikuu. Wamaasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu, na hakuna aliyewahi kuwaita watu wasiokula. Na hata huyo babu aliyekula ugali mkubwa alikuwa ametoka kulima kwa jembe la mkono tangu alfajiri. Mimi nimetoka kukaa kwenye kiti kwa saa tisa na kwenye basi kwa saa mbili. Nimeurithi mlo wake bila kuirithi kazi yake.

Hesabu siku ya mfanyakazi wa kawaida wa Dar es Salaam. Asubuhi chai ya sukari na chapati mbili, au maandazi. Mchana kwa mama ntilie, wali unaofunika sahani, vipande viwili vya nyama, kijiko cha mchicha. Jioni njiani, mhogo wa kukaanga au chipsi. Usiku ugali. Hiyo ni wanga juu ya wanga tangu jua linachomoza, na mlo pekee ambao mzazi ana mamlaka nao kamili, yeye na watoto wake, ni huo wa usiku. Ndio maana naupigania.

Sasa tuje kwenye kisingizio kikubwa, muda. Nimeambiwa mara nyingi kwamba chakula cha wanga kidogo ni cha watu wenye nafasi, wenye friji ya milango miwili na mapishi ya kwenye simu. Nakataa. Kilichokuwa kinanilia muda ni kuanza na sufuria isiyo sahihi.

Nawaonyesha dagaa, kwa sababu ndio wanaodharauliwa kuliko wote. Dagaa wa Mwanza hawahitaji friji, wanakaa kwenye kopo wiki nzima. Jumapili nakaa kibarazani na watoto tunachambua: vichwa huku, mchanga na vijiti kule. Kazi ya nusu saa, na hadithi ndani yake. Siku ya kazi nikifika nawamwagia maji ya moto, nawasugua, nawaosha mara mbili hadi maji yasiwe na mchanga hata chembe, nawakamua. Mafuta kidogo kwenye kikaango, dagaa ndani, nageuza hadi waanze kugonga kikaango kwa mlio mkavu, kama kokoto ndogo. Mlio huo ndio alama. Ukiwahi, watakuwa laini na harufu yake itawafukuza watoto mezani. Nawaweka pembeni. Kwenye kikaango hichohicho kitunguu, tangawizi, nyanya tatu, hoho, na bilinganya iliyokatwa vidogo. Nyanya zikitoa mafuta narudisha dagaa, nakamulia ndimu, naepua. Dakika 20. Dagaa waliokaushwa vizuri wana protini inayofika nusu ya uzito wao au zaidi, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, chokaa ya mifupa ya mtoto imo humohumo.

Wakati dagaa wakiwa motoni, jiko la pili lina mchicha. Mafungu mawili makubwa, maana fungu moja likinyauka linakuwa kiganja. Naukatia ndani, chumvi, maji yake mwenyewe, kisha naunga kwa karanga zilizosagwa. Hiyo ndiyo sahani. Ugali upo, sikuufukuza. Nasonga mdogo, na siku nyingine sisongi kabisa, nakata parachichi.

Siku niliyochoka zaidi ni mayai. Watu wote wanajua zege, chipsi mayai. Toa chipsi. Mayai matano kwa sisi watatu, kitunguu, karoti ya kukwaruza, hoho, majani ya mchicha yaliyokatwa nyembamba, moto mdogo, funika. Kachumbari pembeni. Dakika 10, na watoto wangu hawajawahi kuulizia viazi. Kuna nyama ya kusaga na kabichi, inaiva kabla maji ya kuoga hayajapata moto. Kuna samaki wa jana aliyerudishwa kwenye tui la nazi na bamia. Maharage nachemsha Jumamosi, sufuria kubwa, nagawa kwenye vikopo. Yana wanga wake pia, lakini umekuja na protini na nyuzinyuzi, na kikombe kimoja kinashibisha hadi asubuhi.

Bei. Hapa sitaki kumkosea mtu heshima. Ipo nyumba ambayo leo usiku ina fedha ya unga na chumvi, basi. Unga ndio njia rahisi kuliko zote ya kunyamazisha njaa, na mama anayesonga ugali mtupu ili watoto walale anafanya kila anachoweza. Makala hii haimsemi. Nasema na sisi wengine, tunaonunua mchele kilo tano, mafuta lita tatu, soda kila Jumapili, halafu genge likiwa mlangoni tunachukua fungu moja la matembele na kudai mboga ni ghali. Fedha ipo, imepangwa kufuata ile imani. Mimi nilipopunguza unga na mchele kwa nusu, tofauti ilinunua trei ya mayai, na bado mwezi ulifika mwisho.

Wala sisemi mtoto anyimwe wanga. Mtoto anayekimbia kutwa anauhitaji, na siyo kazi ya mzazi kumwanzishia mlo wa kupunguza uzito. Wangu wanapata kiazi kitamu, ndizi, tonge, wali siku za wali. Nilichobadilisha ni utaratibu. Sahani inaanza na dagaa, mayai au samaki, inafuata majani, na wanga unakuja kujaza nafasi iliyobaki. Zamani ulitangulia ukafunga mlango.

Kwa mama ntilie pia inawezekana, kwa wanaokula nje. "Dada, wali nusu, mboga mara mbili, nitaongeza." Mara ya kwanza atakuangalia. Mara ya tatu atakupimia kabla hujasema.

Kilichokuwa kigumu kwangu kuliko muda na bei ni aibu. Mjomba alikuja kutoka kijijini mwaka jana, mkubwa wa ukoo, mtu ambaye kumwandalia bila ugali wa kueleweka ni kumwambia hakaribishwi. Nilimsongea, tena mkubwa, kwa sababu heshima ya mgeni siigusi. Niliweka na bakuli kubwa la sato wa nazi, sinia la mchicha wa karanga, na parachichi. Alinawa, akamega tonge la kwanza, akatazama watoto. Wao walikuwa wameanza na samaki, wanatoa miiba kwa vidole, matonge yao madogo bado yanafuka pembeni.

"Hawa hawali?" aliniuliza.

"Wanakula, mjomba," nilimjibu. "Ndicho wanachokula hicho."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasogeza bakuli la samaki karibu na mdogo, akamchagulia kipande cha tumbo kisicho na miiba, akamwekea mkononi.