Baraza la Bwana Shamba: Mlinzi wa Kuazima



Mwezi uliopita nilikuwa kijiji kimoja karibu na Zinga, kuonyesha namna ya kuchagua miti ya muhogo ya kupanda. Tulipopumzika chini ya mwembe, mzee mmoja wa darasa la kisomo aliniuliza: "Bwana Shamba, mwaka 1964 askari wetu walipoasi, Waingereza walikuja kutuokoa. Mbona Mwalimu Nyerere alisema ile ilikuwa aibu? Mtu akikuzimia moto, humshukuru?"

Swali hili ni zuri. Tusiseme uongo: Waingereza hawakuvamia. Serikali yetu iliwaita.

Tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito waliasi. Kambi hiyo unaipita ukienda Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo. Siku hizi inaitwa Lugalo. Askari walitaka mshahara zaidi. Tena walitaka maofisa Waafrika, maana tulikuwa na uhuru wa miaka miwili, lakini wakubwa wa jeshi walikuwa bado Waingereza. Tarehe 25 Januari, askari wa Uingereza walitoka katika manowari kwa helikopta, wakateremka kambini na kuwanyang'anya waasi silaha. Kazi ikaisha upesi.

Sasa fikiri, ndugu. Nguruwe wameingia shambani mwako usiku. Huna mbwa, huna mkuki. Unamwita jirani mwenye bunduki, na nguruwe wanakimbia. Kumekucha. Jirani amesimama katikati ya muhogo wako na bunduki yake, na wewe huna kitu mkononi. Ataondoka lini? Yeye ndiye anayejua.

Sisi wa pwani tuliwahi kuyaona hayo. Mwaka 1888 Sultani wa Unguja aliipa kampuni ya Wajerumani ruhusa ya kuendesha pwani hii na kukusanya ushuru, miaka 50. Ilikuwa karatasi tu. Wenyeji hawakuulizwa. Kule Pangani, mtu wa kampuni aliyeitwa Zelewski alipandisha bendera ya kampuni, na watu wakakataa. Abushiri bin Salim aliongoza vita, na Bwana Heri wa Saadani naye alipigana. Ndipo mwaka 1889 akaja Wissmann na askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani, wengine kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Walioanza na ushuru wakawa watawala. Hapa Bagamoyo hawakutoka mpaka Waingereza walipowatoa kwa vita mwaka 1916. Nao Waingereza wakakaa mpaka 1961!

(Zelewski huyo aliuawa na Wahehe wa Mkwawa mwaka 1891, mahali panapoitwa Lugalo. Jina la kambi yetu limetoka huko.)

Kwa hiyo Mwalimu hakulala. Mwezi Februari 1964 aliita mkutano wa nchi za Afrika mjini Dar es Salaam. Alieleza shida yetu wazi mbele ya wenzake, jambo ambalo si rahisi kwa mkubwa yeyote. Walikubaliana askari wa Afrika washike nafasi ya Waingereza. Nijeria ikaleta askari wake. Hao nao walikuwa wageni, lakini kazi yao ilijulikana: kulinda wakati sisi tunaunda jeshi jipya. Vijana wakaandikishwa na kufunzwa. Tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi likaanzishwa, na Wanijeria wakarudi kwao mwaka huo huo.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tena: "Na sisi je? Tulipomtoa Idi Amin, askari wetu walikaa Uganda muda gani?"

Nikamwambia: Amin aliondolewa Kampala mwezi Aprili 1979. Askari wetu walirudi mwaka 1981.

Mzee akahesabu kwa vidole. "Miaka miwili," akasema. "Basi Waganda nao waliiona mirefu."

Sikumbishia. Tukarudi kwenye muhogo.