Ipime kampuni kama unavyopima shamba

Kampuni inapotangaza kuuza hisa kwa umma, maswali yanayosikika sokoni na kwenye vituo vya kununulia mazao huwa mawili tu: hisa moja ni shilingi ngapi, na mwisho wa kununua ni lini. Ndivyo ilivyokuwa NMB ilipouza hisa mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kampuni nzima ina thamani gani.

Mkulima huyo huyo akitaka kununua ekari tatu za shamba hafanyi hivyo. Atakwenda kuutazama udongo, atawauliza majirani msimu uliopita walivuna magunia mangapi, atataka kujua kama shamba lina mgogoro wa mirathi au limewekwa rehani benki, kisha atapiga hesabu fedha yake itarudi baada ya misimu mingapi. Hayo ndiyo yanayofundishwa katika vitabu vya uwekezaji, na inasikitisha kwamba elimu hiyo imeachwa ionekane ni ya watu wa maofisini.

Mwasisi wake ni Benjamin Graham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyepata hasara kubwa soko la hisa la Marekani lilipoanguka mwaka 1929. Mwaka 1934, akiwa na mwenzake David Dodd, alitoa kitabu kinene kwa ajili ya wachambuzi. Mwaka 1949 akatoa kingine, The Intelligent Investor, kwa ajili ya watu wa kawaida. Hoja zake kuu si ngumu. Hisa ni sehemu ya biashara, si tiketi ya bahati nasibu. Tena usiinunue kwa bei iliyo sawa na thamani uliyoikadiria, bali chini yake, ili ukikosea hesabu (na kukosea kupo) usizame. Anayepanda mtama kando ya mahindi kwa kuhofia ukame anaielewa hoja hii bila mwalimu.

Mwanafunzi wa Graham, tajiri Warren Buffett, aliwaeleza wanahisa wake katika barua ya mwaka 2013 jinsi alivyonunua shamba la ekari 400 huko Nebraska mwaka 1986 kwa dola 280,000. Bei za mashamba zilikuwa zimepanda kupita kiasi katika miaka ya 1970, zikaporomoka miaka ya 1980, na benki zilizokopesha zikafa. Buffett hakujua kilimo, lakini mwanawe alikijua. Akakadiria mahindi na soya vitakavyopatikana, akatoa gharama, akaona shamba litampa karibu asilimia 10 kwa mwaka, yaani kama dola 28,000. Hakuuliza bei ya shamba mwaka ujao itakuwa ngapi. Miaka 28 baadaye mapato yalikuwa yameongezeka mara tatu, na thamani ya shamba mara tano au zaidi.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye hisa. Tuseme kampuni ya kwanza inauza hisa moja shilingi 200, na ina hisa milioni 500. Ya pili inauza hisa shilingi 4,000, na ina hisa milioni 10. Wengi watakimbilia ile ya shilingi 200 kwa kuwa "ni rahisi". Lakini kuinunua yote ni shilingi bilioni 100, wakati ya pili ni bilioni 40. Ikiwa ya kwanza inapata faida ya bilioni 4 kwa mwaka na ya pili bilioni 5, basi ya kwanza itarudisha bei yake kwa miaka 25 na ya pili kwa miaka 8. Ya shilingi 4,000 ndiyo rahisi, ilimradi faida hiyo ni ya kudumu na haidaiwi na benki.

Kosa la kutazama bei bila biashara lilionekana wazi Kenya mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa shilingi 5 za huko. Watu walikopa ili wanunue. Katika muda usiofika mwaka bei ikawa chini ya shilingi 3, na mwenye mkopo akalazimika kuuza kwa hasara. Kampuni yenyewe iliendelea kuuza muda wa maongezi kama kawaida. Aliyenunua kwa fedha yake na kutulia aliiona bei ikipita shilingi 40 mwaka 2021, ingawa baadaye ilishuka tena.

Yapo ambayo vitabu hivyo havisemi, na mkulima anayajua kuliko mchambuzi wa mjini. Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kiliingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001. Baadaye wakulima wa miwa walilalamika kwa miaka kadhaa kwamba malipo yao yanachelewa. Septemba 2019 benki iliyokuwa ikikidai ikakiweka chini ya msimamizi, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Kiwanda kinachoshindwa kumlipa anayekiletea malighafi kimeishiwa fedha, hata kama vitabu vyake bado vinaonyesha faida. Mwenye miwa hulijua hilo getini, miezi mingi kabla mahesabu ya mwaka hayajachapishwa.

Tahadhari moja ni ya hapa kwetu. Graham aliandika kwa ajili ya soko lenye wanunuzi kila siku. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, bado ni dogo, na hisa za baadhi ya kampuni huweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi. Fedha ya mbolea na ada za watoto isiguse huko.

Wenye kampuni nao wana lao. Zinapotaka fedha za wananchi, matangazo yao redioni huwa kwa Kiswahili fasaha. Lakini taarifa za fedha, penye deni na hasara, kampuni nyingi huzitoa kwa Kiingereza. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iagize kwamba kila anayeuza hisa kwa umma atoe mizania na maelezo yake kwa Kiswahili pia, kwa miaka mitano iliyopita.

Wakati tukisubiri, mwenye hisa, hata chache, ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza. Kama kampuni inanunua mazao, swali la kwanza liwe hili: wakulima wamelipwa hadi mwezi gani?