Muuguzi afunzwe kompyuta kwa mikono, si kwa chaki

Likasi, Haut-Katanga – Mwanafunzi wa uuguzi hapewi diploma kwa sababu alinakili daftarini namna ya kupiga sindano. Ni lazima apige, mwalimu akimwangalia. Basi kwa nini informatika ifundishwe kwa chaki, na mtihani wake uwe wa kukariri majina ya sehemu za kompyuta?

Jambo hili si la ofisini tu. Kila mwezi kituo cha afya kinaandika raporo: wagonjwa wa malaria ni wangapi, watoto wangapi walichanjwa, wanawake wangapi walizaa. Karatasi hizo zinapelekwa kwenye ofisi ya zoni ya afya, na hesabu zinaingizwa katika DHIS2, programu inayotumiwa na wizara ya afya nchini kote. Kwa hesabu hizo viongozi wanapanga dawa na chanjo. Aliyeandika 15 pahali pa 51 amewafuta wagonjwa 36.

Wa kwanza kuumia ni waliokimbia makwao. Mama aliyetoka Mitwaba au Pweto, akapokelewa na ndugu zake kule Kikula au Panda, hayumo katika hesabu ya zamani ya wakaaji. Muuguzi asipomwandika vizuri, kwa serkali mama huyo na mtoto wake hawapo.

Wako wanaosema: umeme unakatika, mashine hakuna, tungoje. Tungoje hadi lini? DHIS2, inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, hailipiwi. Programu yake ya simu inapokea hesabu hata pasipo intaneti, na kuzituma mtandao ukirudi. Nchini Kenya, tangu mwaka 2005, AMREF na Baraza la Wauguzi waliwaendeleza wauguzi kwa masomo ya kompyuta, wenyewe wakibaki kazini.

Kinachodaiwa si kikubwa. Mashine chache, wanafunzi kwa zamu. Siku ya mtihani, kila mmoja ajaze raporo ya mwezi, atafute kosa lililofichwa ndani yake, aeleze hesabu zinasema nini. Afunzwe pia kwamba fishi ya mgonjwa haipigwi picha na kutumwa WhatsApp. Siri ya mgonjwa ni siri hata kwenye simu.

Wazazi wanaolipa masomo wana haki ya kuuliza shuleni swali moja: mtoto wetu ameshika mashine saa ngapi mwaka huu? Asiyepata jibu, ajue analipia chaki.