Kugawana Umeme Sawa kwa Sawa Si Haki

Katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam ipo kanuni ambayo haijaandikwa popote lakini karibu kila mtu anaifuata: mwenye nyumba anatoa chumba, umeme na maji ni shauri la wapangaji. Vyumba sita, korido katikati, mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ukutani, na yuniti zikikaribia kuisha mmoja wao anapita mlango kwa mlango kukusanya mchango. Kila chumba kinatoa kiasi kile kile, na asiyetoa anasemwa uani mpaka aone haya. Utaratibu huu unatetewa kwa neno zito, usawa. Wote wanachanga sawa, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Na mwenye nyumba hahusiki, kwa kuwa si yeye anayewasha taa. Utetezi huo naupinga wote, kuanzia hesabu yake hadi msingi wake. Mpangaji anawajibika kulipia anachotumia, hilo halina ubishi. Ila huwezi kumdai mtu alipie matumizi ambayo hayakupimwa, na kuyafanya yapimike ni kazi ya mwenye nyumba, kama ilivyo kazi yake kuezeka paa lisilovuja.

Tuingie kwenye vyumba vyenyewe. Mpangaji wa chumba cha mbele ana balbu moja ya wati 7 na simu ya kuchaji. Balbu hiyo ikiwaka kwa saa tano kila usiku, mwezi mzima inakula takriban yuniti moja, na simu haifiki hata yuniti. Chumba cha pili kina televisheni ya wati 60 inayowashwa saa tano kwa siku. Hizo ni yuniti tisa. Cha tatu kina friji ya mama anayeuza barafu, inayokula yuniti moja au zaidi kila siku, yaani si chini ya 30 kwa mwezi. Cha nne wanapikia jiko la umeme la wati 1,500, na likiwaka saa mbili tu kwa siku linamaliza yuniti 90. Ukiwatoza watu hawa kiasi kimoja, wa chumba cha mbele anamlipia wa jiko. Na wa chumba cha mbele mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote, maana asiye na friji hakuikosa kwa kupenda. Huo unaoitwa usawa ni usawa wa shilingi zinazotolewa peke yake; kinachopokelewa hakuna aliyekiangalia.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye bei yenyewe, na hii haizungumzwi kabisa. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa nyumbani ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi yuniti 75 kwa mwezi aliwekwa kwenye kundi la D1, akalipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Aliyezidi hapo akaingia kundi la T1, shilingi 292. Nia ilikuwa njema: mtu wa matumizi madogo apunguziwe. Lakini inayohesabiwa matumizi ni mita, na mita haijui nyuma yake wako watu wangapi. Tuchukue vyumba sita, kila kimoja kinatumia yuniti 30. Kila chumba kingekuwa na LUKU yake, mpangaji angelipa shilingi 3,000 kwa bei ya D1. Wakiwa kwenye mita moja wanafikisha yuniti 180, wanahesabiwa kama tajiri mmoja, na kila chumba kinalipa shilingi 8,760, karibu mara tatu. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge inampita mpangaji wa Manzese na Mbagala, inamfikia mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye mita yake. Hili si la Tanzania pekee wala si la umeme pekee. Mwaka 1992 mchumi wa Marekani Dale Whittington aliandika juu ya bei za maji zinazopanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, akatumia mfano wa Kumasi, Ghana, ambako familia nyingi huishi ndani ya ua mmoja na bomba moja. Alionyesha kwamba bei iliyokusudiwa kumsaidia maskini humgeukia pale maskini wanapotumia mita moja. Jambo linafahamika kwa zaidi ya miaka 30, na bado tunawaambia wapangaji wachange, wamalizane wenyewe.

Kuna fedha nyingine inayopita kwenye mita hiyo hiyo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa majengo ya ghorofa mijini shilingi 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa sheria, kodi hii ni ya mwenye jengo. Kwa vitendo, inatoka mfukoni mwa aliyeshika simu akinunua tokeni, yaani mpangaji. Wapangaji walipouliza, waliambiwa wakubaliane na wenye nyumba wao. Wakubaliane kwa nguvu gani? Anayehamia kwenye nyumba iliyokaa wazi miezi minne ananunua umeme wa kwanza na kukuta deni la miezi yote hiyo linamsubiri, shilingi 6,000 za kodi ya jengo ambalo si lake na za siku ambazo hakulala humo. Nikisikia mtu anasema mwenye nyumba hahusiki na LUKU, ningependa aeleze basi kwa nini LUKU inahusika kulipa kodi ya mwenye nyumba.

Na sheria haisemi kwamba hahusiki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu pamoja na mitambo na huduma zinazotumiwa na wapangaji wote, na inamwekea yeye ushuru na kodi za eneo lililopangishwa isipokuwa mkataba ukisema vingine. Mita ya pamoja ni nini kama si kifaa cha wote? Vivyo hivyo taa ya korido, taa ya nje inayowaka mpaka asubuhi, na pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki, ambayo mara nyingi imeunganishwa kwenye umeme wa wapangaji bila mtu kuulizwa. Kwenye maji shida ni ile ile: akaunti iko kwa jina la mwenye nyumba, mpangaji aliyetangulia ameondoka na deni, huduma inakatwa, na mgeni anaambiwa alipe ndipo bomba lifunguliwe. Deni la akaunti ni la mwenye akaunti. Akamtafute aliyeondoka.

Wenye nyumba wana majibu, na baadhi yana uzito. Wa kwanza atasema nyumba za Uswahilini si za matajiri. Ni za wajane, wastaafu, watu waliojenga tofali kwa tofali kwa miaka 20. Kuunganishiwa umeme mjini, hata pale pasipohitajika nguzo, kwa bei ya Januari 2022 ni shilingi 320,960. Mita sita ni shilingi 1,925,760, na hapo hujamlipa fundi wa kutenganisha nyaya za ndani. Nakubali ni fedha nyingi. Lakini tazama na upande wa pili wa daftari. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, vyumba sita, kodi ya miezi sita mkononi: hiyo ni shilingi 1,800,000 inayopokelewa kwa mkupuo mmoja, kabla mpangaji hajalala hata usiku mmoja. Anayeweza kudai miezi sita mbele anaweza kuanza na mita moja mwaka huu na nyingine mwakani. Asiyeweza kabisa afunge mita ndogo za ndani, moja kwa kila chumba. Hizo hazirudishi nafuu ya D1, kwa kuwa mita kuu inabaki moja, ila angalau kila mtu atajua kiasi chake, na wa balbu moja hatalipia jiko la jirani. Na ambaye hata hizo hazimudu, basi aweke umeme ndani ya kodi, ataje bei moja iliyo wazi tangu mwanzo, na hasara ya kutopima aibebe yeye. Ataniambia wapangaji watatumia ovyo. Huenda. Wakitumia ovyo ataona mwenyewe faida ya kupima, jambo ambalo haoni leo kwa sababu hasara inamwangukia mwingine.

Jibu la pili ni la ujirani: kuchanga kunawaweka watu pamoja, kuhesabiana ni uzungu. Hili nalipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu kinachotokea kwenye hizo korido ni kinyume chake. Mita moja ndiyo inayomfanya mtu atege sikio kujua nani anapiga pasi usiku, ahesabu wageni wa jirani, amwambie mama wa barafu auze friji au ahame. Watu wanawekeana sheria za vyumbani mwao, hakuna hita ya maji, hakuna jiko, redio mwisho saa nne, kwa sababu tu aliyejenga hakutenganisha waya. Ugomvi ulikuwa wa mwenye nyumba na fundi wake. Umekuwa wa jirani na jirani.

Wapo pia watakaosema asiyeridhika ahame, nyumba ni nyingi. Mpangaji amekwisha kulipa miezi sita, na dalali amechukua kodi ya mwezi mmoja. Habari za mita ya pamoja anazipata siku anahamisha kitanda. Mkataba, kama upo, ni karatasi moja isiyotaja umeme wala maji. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na masharti yameachwa kwa maelewano ya pande mbili zisizolingana. Kuhama kuna gharama ya miezi sita mingine, na nyumba anayohamia ina mita moja vile vile.

Wabunge wanaweza kulimaliza hili kwa kifungu kimoja: asitozwe mpangaji umeme au maji ambayo hayakupimwa kwa chumba chake, na kodi ya majengo aliyokatwa kwenye LUKU ipunguzwe kwenye kodi ya pango bila kuomba. Kabla kifungu hicho hakijaandikwa, wewe unayetafuta chumba mwezi huu, usihesabu fedha mbele ya dalali kabla hujaiona mita, kujua viko vyumba vingapi nyuma yake na inadaiwa kiasi gani, na uyaandike hayo kwenye mkataba mkiwa wote mmekaa. Risiti za tokeni zitunze, maana zinaonyesha kodi ya jengo uliyomlipia mwenye nyumba, na fedha hiyo ni yako.