Simu za Dharura Pekee

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Laini ya bei nafuu na safari ya Mpanda

Mimi hununua asali. Napanda basi la alfajiri Tabora kwenda Mpanda, nashuka njiani kwa wenye mizinga, napima, nalipa kwa simu, naendelea. Laini yangu naipendea kitu kimoja: bando lake ni rahisi. Tabora mjini inakimbia, sina neno nayo.

Safari iliyopita nilinunua bando la saa 24 pale stendi. Tukapita Sikonge, tukapita Ipole, msitu ukatumeza. Juu ya kioo, penye jina la mtandao, pakaandikwa: "Simu za dharura pekee." Mama niliyekaa naye siti moja, dumu la mawese katikati ya miguu, alikuwa anamwelekeza binti yake kwenye simu namna ya kuunga mlenda kwa karanga. Hakukatika hata mara moja. Laini yake ni ya kampuni nyingine. Nikamwomba aniwashie hotspoti, akaniangalia kama nimemwomba meno. "Mwanangu, MB zenyewe za kuhesabu hizi." Kweli.

Mzee aliyekuwa ananisubiri barabarani na madumu matatu alinipigia, akaambiwa sipatikani. Nilipofika alikuwa ameshamuuzia mwingine. Bando nalo likaisha alfajiri ya pili, karibu lote halijaguswa.

Fundi simu wangu ndiye aliyenifumbua macho. Simu ikiandika "hakuna huduma", haijasikia mnara wowote. Ikiandika "simu za dharura pekee", imeusikia, ila ni wa kampuni nyingine. Mnara huo ungenipokea kama ningepiga 112. Kumpigia mzee wa asali, unanifungia mlango. Kwa hiyo siku ile porini mawimbi yalikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Mkenya akishuka pale na laini yake ya Nairobi iliyowashwa rominga, simu yake hushika mtandao wowote wa Tanzania wenye mkataba na kampuni yake; huu ukipotea, inatafuta ule. Mimi niliyesajili laini kwa kidole na kitambulisho cha Taifa ninabanwa kwenye minara ya kampuni moja. Mgeni kalala kitandani, mwenye nyumba yuko barazani.

Najua nitaambiwa nihame. Tangu 2017 tunaruhusiwa kuhama mtandao na namba zetu. Nihamie wapi? Njia hii yule mama kanishinda. Njia ya Kigoma mimi ndiye niliyekuwa napata, dereva hapati. Ndiyo maana wasafiri wa huku tunatembea na simu za laini mbili, na ya tatu kwenye pochi, imekunjwa ndani ya risiti. Kila laini na bando lake. Huo unafuu sijui uko wapi.

Nitaambiwa pia kampuni zinachangia minara. Zinachangia nguzo ya chuma. Mitambo iliyofungwa juu yake ni kila mtu na yake, na ambaye hajafunga, wateja wake wataangalia nguzo.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya 2006, hutoa ruzuku kampuni zijenge vijijini ambako faida peke yake isingezipeleka. Naomba muanzie hapo: mnara wenye ruzuku upokee laini yoyote ya Tanzania, kampuni zidaiane zenyewe kama zinavyodaiana kwa wageni. Aliyejenga kwa pesa yake tupu, hayo ni mazungumzo mengine.

La pili ni dogo. Kanuni za vifurushi za 2021 zinaitaka kampuni inijulishe bando linapofika asilimia 75, na linapokwisha. Ongezeni kimoja: saa ya bando isimame simu ikiwa nje ya mtandao. Watasema watu watazima simu ili kubana muda. Na wabane, MB ni zile zile walizolipia. Wala wasiseme mitambo haiwezi kujua. Ilijua vizuri sana siku ile, ikamwambia mzee wangu sipatikani.

Wako,
Mnunuzi wa asali,
Tabora.