Kuoka Kuku Bila Jiko la Chuma
Wengi hudhani kwamba kuoka ni kwa wenye majiko ya chuma tu. Sivyo. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka juu yake bakuli la bati lenye kuku aliyepakwa chumvi, ndimu na samli, ufunike kwa sinia la chuma, kisha upalie makaa juu. Moto wa juu na uzidi wa chini. Mimi, kwa ubishi, nilimwamuru mke wangu afanye kinyume siku alipokuja baba mkwe: kuku akaungua mgongo, kifua kikabaki kibichi, na mzee wa watu akala ugali kwa mboga bila kunung'unika. Tangu hapo mambo ya makaa namwachia mwenyewe. Baada ya kama saa moja na nusu, mchome kuku pajani kwa kijiti; maji yakitoka bila wekundu, pakua.